Siku Sender Alipokuwa na Adabu

Siku ile niliiharibu mimi, lakini ngoja kwanza nimlaumu Sender, kwa sababu mimi nimeshajilaumu vya kutosha na sikupata nafuu yoyote.

Sender Mandelkorn ni mhudumu katika mgahawa wa Zaltsman, Barabara ya Pili, jirani na lile duka la vifungo lililofungwa. Ana miaka sabini na moja, miguu bapa, na mdomo ambao ungemfukuzisha kazi mahali pengine popote. Kwa Zaltsman, mdomo huo ndio uliomweka. Pale wahudumu hawakuulizi unataka kula nini. Wanakutazama, wanapima unastahili nini, halafu wanakwambia. Ukiagiza ulimi wa ng'ombe, Sender atakuletea pastrami, nyama ya ng'ombe ya viungo na moshi, na kukueleza kwamba ulimi ulio nao unakutosha. Ukisema mkate umekauka, atakuuliza mara ya mwisho kujitazama kwenye kioo ilikuwa lini. Watu wanatoka mbali, wanapanga foleni kwenye baridi, ili waje wafokewe na Sender na wenzake, na asiyefokewa anarudi nyumbani akijiuliza amekosa nini.

Baba yangu, Fishel Lipsker, amekula kwenye meza ya Sender kila Jumanne kwa miaka thelathini na minane. Alikuwa fundi wa makoti ya manyoya, na karakana yake ilikuwa mtaa wa tatu kutoka hapo. Sijawahi kuwasikia wakiambiana neno zuri. Sender humwita baba "msiba wangu wa Jumanne." Baba huonja supu, huweka kijiko chini, na kusema imepoa. Sender hulinyakua bakuli, huingia nalo jikoni, husimama nyuma ya mlango kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, hurudi na supu ileile, na baba huinywa na kusema, "Hapo sasa." Mama alipokuwa hai alikuwa akifunika uso kwa kitambaa cha meza kwa aibu. Mimi nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki, nina miaka hamsini na miwili, nafundisha hesabu watoto wa miaka kumi na mitatu, na kufikia Jumanne huwa nimeshachoka na kelele.

Sasa, Ijumaa iliyotangulia daktari alinipigia simu shuleni. Alikuwa amempigia baba kwanza, na baba akamkatia simu akidhani ni mtu wa bima. Vali moja ya moyo wa baba imechakaa, daktari akasema. Ikibadilishwa, anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Isipobadilishwa, hakutaka kutaja miezi. Nafasi ya upasuaji imepatikana Alhamisi, mgonjwa alazwe Jumatano, na jibu analitaka Jumanne kabla ya saa kumi jioni. Jibu lisipopatikana, nafasi anapewa mwingine, na inayofuata ni mwezi wa sita. Nikamwuliza kama mwezi wa sita si mbaya sana. Akaniambia nijitahidi ipatikane hii ya Alhamisi.

Kujitahidi! Hamjui baba yangu. Miaka sita iliyopita mama yangu, Gittel, aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, ameshika mkoba wake, kwa jambo ambalo wote tuliambiwa ni dogo. Hakurudi. Tangu hapo baba akikaribia jengo la hospitali yoyote huvuka barabara, hata kama mvua inanyesha na upande wa pili hakuna pa kujikinga. Vipimo vyenyewe vya moyo alivifanya kwa sababu nilimdanganya kwamba tunakwenda kupima miwani.

Nikapanga hivi. Sitamwambia Ijumaa, kwa kuwa Sabato inaingia. Sitamwambia Sabato. Jumapili nilijaribu, nikaishia kumwekea chai. Basi nitamwambia Jumanne, kwa Zaltsman, baada ya chakula, kwa sababu baba akiwa na njaa hasikii kitu na akishiba huwa binadamu kwa karibu nusu saa. Nusu saa inanitosha. Na ili nusu saa hiyo isiharibike, Jumatatu jioni nikampigia Sender.

"Kesho usimchokoze baba," nikamwambia.

"Nani anamchokoza? Yeye ndiye anayenichokoza mimi."

"Si mzima, Sender. Ni moyo. Yeye mwenyewe bado hajui, nitamwambia tukishakula. Nakuomba kitu kimoja tu, kesho uwe mtu mwema kwake. Na supu yake msiitie chumvi."

Nilisikia sahani zikigongana nyuma yake na mtu akiitisha mkate.

"Mtu mwema," Sender akasema, kana kwamba nimemwomba aje kazini amevaa gauni. "Sawa. Nitajaribu."

Nikakata simu nimeridhika. Mwalimu wa hesabu mzima, na sikuona kosa.

Jumanne baba alianza kuniudhi tangu kituo cha basi. Upepo wa Machi unakata masikio, na yeye, mtu aliyewavika nusu ya wanawake wa mji huu makoti ya manyoya, amevaa koti la mvua jepesi. Nikamwambia, "Baba, tafadhali, jifunge skafu."

"Tafadhali?" akasema, akanitazama kwa jicho moja.

"Ndiyo, tafadhali. Kuna ubaya?"

"Hakuna," akasema, na skafu hakuifunga.

Ndani ya Zaltsman kulikuwa na joto na harufu ileile tangu nazaliwa: moshi, kitunguu saumu, matango yaliyochachushwa, sufu iliyolowa. Nyuma ya kaunta mkataji alikuwa akikata pastrami kwa mkono, mvuke unampanda usoni. Tukaenda kwenye meza yetu, ile ya nguzo, ambayo mguu wake mmoja ni mfupi na haujawahi kurekebishwa kwa sababu Sender anasema ni wateja ndio walioinama. Baba akatundika koti na kofia kwenye msumari wa nguzo, akabaki na kofia yake ndogo ya kichwani, akaketi, akasugua mikono. Alikuwa na hamu ya ugomvi, nilimwona. Alikuwa amejiandaa.

Sender akaja. Alikuwa amechana nywele.

"Karibu, Bwana Lipsker," akasema. "Habari za leo?"

Baba akageuka nyuma kutazama ni nani huyo Bwana Lipsker aliyesimama. Hakuona mtu. Akamrudia Sender, mdomo wazi.

"Umelewa?"

"Hapana, bwana. Kiti kinakufaa? Nikuletee mto wa kuegemea?"

"Mto wa nini? Nimekuja kula au kulala?"

"Mto nauleta," akasema Sender kwa sauti ya upole, na akaenda, na Mungu ni shahidi yangu, akarudi na mto. Sijui aliupata wapi. Ulikuwa na maua ya waridi. Akauingiza nyuma ya mgongo wa baba na kuupigapiga ukae vizuri. Nilimkanyaga Sender mguu kando ya meza. Akaniambia samahani, yeye aliyekanyagwa!

Nilitaka kulia kwa hasira. Mtu mwema, nilisema. Nilikuwa na maana kwamba asimtukane kwa dakika arobaini. Nilikuwa na maana kwamba aseme mambo kumi mabaya badala ya ishirini. Lakini Sender ama ana chumvi kilo nzima ama hana hata punje, katikati hapajui.

Kisha akafanya jambo la kuniua kabisa. Akamwekea baba mbele yake orodha ya vyakula.

"Ungependa nini leo, Bwana Lipsker? Chagua chochote."

Baba hakuwahi kuiona orodha ile. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa anaambiwa. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Wana samaki?" akaniuliza kwa mnong'ono.

"Wanaonekana wanao, baba."

"Tangu lini?"

"Sijui, baba. Chagua, tafadhali."

"Nachaguaje? Mimi najua ninachopenda? Huyu ndiye anayejua ninachopenda." Akainua macho kwa Sender, na sauti yake ilikuwa karibu na ya kuomba. "Niletee cha kawaida, basi, mwizi wa mikate wewe."

Ile ilikuwa zawadi. Alikuwa amemtupia mpira mguuni, golini hakuna mtu. Sender alichotakiwa kusema ni chochote tu, na yeye akainamisha kichwa, akasema, "Vyema sana," na akaondoka.

Baba akaanza kuikunjakunja leso ya karatasi. Kwenye meza ya jirani kijana mmoja mgeni, amevaa skafu ya hariri, alikuwa ameomba maziwa ya kutia kwenye kahawa yake, katika mgahawa ambao maziwa hayajavuka kizingiti chake tangu ufunguliwe, kwa kuwa pale ni nyama, na sisi Wayahudi maziwa na nyama hatuvichanganyi. Sender akasimama njiani, na akarudi kuwa Sender.

"Maziwa? Maziwa unayataka hapa? Nenda pale kaunta umuulize huyo ng'ombe aliyekatwa vipande kama anaweza kukusaidia! Mama yako anajua uko nje peke yako?"

Mgahawa mzima ukacheka, na yule kijana akang'aa uso kwa furaha kama amepewa cheti. Baba hakucheka. Alimtazama yule kijana kwa wivu, na nilielewa tunakokwenda, nikainuka.

"Naenda kunawa," nikasema.

Nilimkuta Sender kwenye mlango wa jikoni, ule wenye dirisha la mviringo, amebeba bakuli la matango.

"Wewe una wazimu?" nikamwambia. "Mto? Orodha? Utamwua kabla daktari hajamgusa!"

"Ulisema niwe mwema!"

"Nilisema usimchokoze! Sikusema umuuguze!"

"Dvora, mimi kazi hii nimeifanya tangu wewe una meno ya utoto. Najua kufoka. Kitu kingine hakuna aliyenifundisha." Macho yake yalikuwa mekundu, nikaona sasa, na si kwa ajili ya vitunguu. "Anakufa?"

"Hafi. Akikubali kupasuliwa, hafi. Na nina mpaka saa kumi kumfanya akubali, kwa hiyo nakuomba urudi ukamtukane. Kidogo tu. Ya kawaida."

"Nilijaribu," akasema. "Aliponiita mwizi wa mikate nilikuwa na jibu hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikamtazama. Amekonda, Dvora. Shati shingoni linaingia vidole vinne. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini?"

Nilikuwa nimemwona baba kila siku, na sikuwa nimeona lile shati.

Nilirudi mezani nikiwa nimebakiwa na saa moja na nusu. Supu ilikuwa imefika kabla yangu, supu ya kuku na matonge mawili ya unga wa matsa, ule mkate wetu usiotiwa chachu, na Sender amesimama kando ameshika kijiko kwa kitambaa cheupe. Sisemi uongo. Kwa kitambaa.

Baba akachukua kijiko, akaonja. Akaonja tena. Nilisubiri aseme imepoa. Nilimwomba Mungu aseme imepoa. Akaweka kijiko chini taratibu kabisa, akakipanga sambamba na kisu, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Haina chumvi," akasema.

"Labda wamesahau," nikasema.

"Jikoni la Zaltsman limesahau chumvi." Akamtazama Sender, akanitazama mimi. "Dvora, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, baba."

"Kama hakuna aliyekufa, basi ni mimi."

"Baba, tafadhali..."

"Hiyo! Hiyo hapo!" Akapiga meza, matango yakaruka bakulini. "Tangu Ijumaa unaniambia tafadhali. Tafadhali skafu, tafadhali kaa, tafadhali chagua. Maisha yako yote hujawahi kuniambia tafadhali, unanifokea kama mama yako alivyokuwa ananifokea, na nilikuwa najua niko nyumbani. Nilidhani unataka kuolewa tena. Nikasema, sawa, atasema akiwa tayari. Halafu nakuja hapa, na huyu mhalifu ananiwekea mto. Mto wenye maua! Nimewahi kuona watu wakiwekewa mito namna hii, mimi. Najua wanawekewa lini."

Ndipo nikamwambia. Sikumwambia nilivyopanga, baada ya nyama na chai, kwa sentensi nilizoziandika nyuma ya daftari la mwanafunzi. Nilimwambia vyote kwa pamoja, vali, Alhamisi, kesho alazwe, saa kumi, na sauti yangu ikawa inapanda hadi yule kijana wa hariri akaacha kutafuna. Sender hakuondoka. Alisimama na kitambaa chake.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapana."

"Baba, miaka kumi. Daktari kasema miaka kumi."

"Mama yako naye alihesabiwa miaka. Aliingia mle na mkoba, nikarudishiwa mkoba."

"Haikuwa ugonjwa huu. Baba, nakuomba. Nakusihi. Tafadhali."

"Umesema tena."

"Sasa niseme nini?" Nilikuwa nalia sasa, na nimechukia kulia, hasa mbele ya matango. "Niambie niseme nini, nami nitasema!"

"Usiseme kitu. Nimekula hapa miaka thelathini na minane, leo nimekula vibaya, twende nyumbani." Akasukuma kiti, ule mto ukaanguka sakafuni. Akainuka kwa kushika nguzo, akapumua mara mbili, tatu, kabla ya kunyoosha mkono kuchukua koti. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tisa.

Sender akasimama kati ya baba na msumari wa koti.

"Kaa chini," akasema.

"Nipishe, Mandelkorn."

"Nimesema kaa chini!" Na sasa haikuwa sauti ya kitambaa cheupe. Ilikuwa sauti ya kufukuza panya ghalani, na mkataji kule kaunta akasimamisha kisu. "Wewe nani kakwambia unachagua? Ebo! Nimekupa orodha mara moja katika maisha yako, mara moja tu, kwa makosa, na tazama ulichochagua! Miaka thelathini na minane nakwambia ule nini, na uliwahi kuugua tumbo? Jibu! Uliwahi?"

"Mwaka ule wa maini," baba akasema.

"Maini uliyala kwa shemeji yako! Kila Jumanne nakutembezea supu yako kwenda na kurudi kama mjinga, miguu imekuwa bapa, nikidhani nina mtu. Mke wako alipofariki, ulikaa kwenye kile kibao kifupi cha matanga siku tatu hujatia kitu kinywani. Nani alikuja? Binti yako wa kuomba tafadhali? Nilikuja mimi na trei, nikakwambia fungua mdomo, gunia wewe. Ukafungua. Nilikuuliza unapenda nini? Sikukuuliza!"

Baba alikuwa amebaki na mkono mmoja hewani.

"Basi sasa hivi pia hukuulizwa," Sender akasema. Akatoa penseli nyuma ya sikio. Penseli ile amekaa nayo pale tangu namfahamu, na sijawahi kumwona akiitumia, kwa sababu huona ni fedheha mhudumu kuandika. Akatoa na karatasi mfukoni mwa aproni, akalamba ncha, akaandika huku anasoma kwa sauti. "Lipsker, meza ya nguzo. Kesho, hospitali. Alhamisi, vali moja, mpya. Ndicho kilichopo. Kingine kimekwisha."

"Na kama sitaki?"

"Uliza mtu yeyote humu ndani kama nilishawahi kubadilisha oda."

Bibi mmoja mwenye kofia ya kijani, ambaye simjui, akatikisa kichwa kuthibitisha kwamba Sender hajawahi.

Baba alimtazama Sender usoni, kisha akaitazama ile karatasi, kisha akaketi. Aliketi kwa uzito, kama mtu aliyeshushwa mzigo mgongoni na bado hajui mikono aiweke wapi.

"Supu imepoa," akasema.

Sender akalinyakua bakuli, supu ikamwagika nusu kwenye aproni, akaingia jikoni. Mimi nikaenda kwenye simu ya ukutani karibu na kaunta, nikampigia daktari, nikamwambia ndiyo, kesho, saa ngapi tufike. Nikiwa pale niliona kwenye lile dirisha la mviringo la mlango. Sender alikuwa ameliweka bakuli juu ya rafu na kujifunika uso kwa aproni, na mpishi amemshika bega. Safari hii hakukaa pumzi mbili. Alikaa muda mrefu mpaka nikaogopa supu itapoa kwelikweli.

Niliporudi mezani alikuwa ameshaitua mbele ya baba kwa kishindo hadi mchuzi ukaruka kwenye tai yake.

"Kunywa. Nimetia chumvi, kidogo. Na ukishapona usije hapa na uso huo, unanifukuzia wateja."

"Jumanne ya pili nakuja," baba akasema.

"Jumanne ya pili utakuwa kitandani, mpumbavu. Nitakuletea mimi huko."

"Kwa miguu hiyo? Itafika imepoa."

"Basi utairudisha!"

"Nitairudisha!"

Akaondoka anabwata, na njiani akamwambia yule kijana wa hariri kwamba anayetazama ugomvi wa watu lazima aagize keki. Baba akaonja supu. Nikasubiri aseme, "Hapo sasa." Hakusema. Alikuwa ameshika kijiko kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto, chini ya meza, pasipoonekana na mtu, alikuwa ameushika mkono wangu. Aliubana kwa nguvu zote, vidole vyake baridi, mpaka pete ikawa inaniumiza. Hakunitazama, wala mimi sikumtazama.

"Kula, inapoa!" nikamfokea. Sikusema tafadhali.